Herufi ni ya Lugha, Umbo ni la Kidole: Kofia za Kibodi za Nusu Mbili katika Mapokeo Matatu

Kibodi ya kawaida ya kompyuta humfikia mtumiaji ikiwa imeshaamuliwa. Herufi zimepigwa chapa, Enta iko kulia, kitufe cha nafasi kimelala chini, na mnunuzi haulizwi lolote. Kibodi ya nusu mbili ni jambo jingine. Kila mkono una kipande chake. Vipande huwekwa mbalimbali kwa upana wa mabega ili vifundo vya mikono visipinde, na mara nyingi vitufe hupangwa kwa safu wima zinazofuata urefu wa vidole. Vidole gumba, ambavyo kwenye kibodi ya kawaida hugawana kitufe kimoja, hapa mara nyingi kila kimoja hupewa vitatu hadi sita. Zaidi ya hayo, programu iliyomo ndani humruhusu mwenye kibodi kukipa kitufe chochote kazi yoyote. Hapo ndipo mbunifu wa kofia za vitufe, yaani vile vifuniko vya plastiki vinavyochomolewa na kubadilishwa, anapokabiliwa na swali gumu: kiandikwe nini, mahali gani, na kwa ajili ya nani?

Swali hilo halikuanza na kibodi hizi. Watu wa Magharibi, Wajapani na Wakorea walishalijibu kila mmoja kwa njia yake, wakisukumwa na lugha zao na mashine zao. Ninayalinganisha hapa mapokeo hayo matatu nikiwa na hoja moja: herufi ni mali ya lugha, na umbo la kofia ni mali ya kidole. Seti inayofunga viwili hivyo pamoja humwumiza mtumiaji wa kibodi ya nusu mbili, na seti inayovitenganisha humtumikia. Kila pokeo kati ya haya matatu limeuona ukweli huo kwa upande wake, wala hakuna lililouona wote.

Magharibi: kitufe kimoja, herufi moja

Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza ya taipureta mjini Milwaukee mwaka 1868, na kuanzia 1874 kampuni ya Remington ikaiuza mashine yao. Taipureta hiyo ya kwanza iliandika herufi kubwa tu. Remington namba 2 ya mwaka 1878 ndiyo iliyoleta Shifti, na tangu hapo kitufe kimoja kikabeba sura mbili za herufi ileile. Alama juu ya kitufe ilikuwa ahadi ya moja kwa moja: ukibonyeza hapa, nyundo yenye herufi hii itagonga karatasi. Hapakuwa na programu ya kubadilisha kazi ya kitufe, kwa hiyo ahadi haikuweza kuvunjwa.

Mwaka 1888 mjini Cincinnati, Frank McGurrin alimshinda Louis Traub katika shindano la kupiga chapa. McGurrin alikuwa ameikariri kibodi yake, akaandika bila kuitazama. Ushindi huo ulibadilisha maana ya alama za vitufe. Kwa mpigaji chapa hodari, herufi iliyoandikwa haikuwa tena chombo cha kazi. Ilibaki kuwa msaada kwa anayejifunza na kwa mgeni aliyekaa kwenye meza ya mwingine. Shule za uhazili zilizofunika vitufe ili wanafunzi wasichungulie zilifuata mantiki hiyohiyo.

Lakini taipureta iliacha urithi mzito kuliko alama. Vitufe vyake vilikaa kwa ngazi, safu ya nyuma ikiwa juu na ya mbele chini, na kofia nyingi za leo bado zinaiga ngazi hiyo. Katika maumbo kama Cherry na SA, kila safu ina urefu na mwinamo wake. Kofia ya E imechongwa kwa ajili ya safu ya juu, ya D kwa ajili ya safu ya kati, ya C kwa ajili ya safu ya chini. Anayeandika kwa QWERTY, mpangilio wa kawaida wa herufi, hufaidika, kwa sababu kidole hutambua safu kwa kugusa. Anayehama mpangilio huadhibiwa. August Dvorak na William Dealey walipata hataza ya mpangilio wao, Dvorak, mwaka 1936, na Shai Coleman akatoa wake, Colemak, mwaka 2006. Colemak inasifiwa kwa kubadilisha kidogo, na hata hivyo vitufe 12 huhama safu: E, R, T, I, O na N huingia safu ya kati, F, G, J, L na nuktamkato hupanda juu, K hushuka chini. Ukizihamisha kofia zako za ngazi, unapata safu yenye mabonde na vilima. Ukiziacha zilipo, alama zinasema uongo.

Sababu ya ugumu huu iko kiwandani. Kofia bora za plastiki mbili hutengenezwa kwa kukutanisha plastiki ya herufi na plastiki ya mwili ndani ya kalibu, na herufi haifutiki hata kofia ichakae. Lakini kila herufi katika kila safu inadai kalibu yake, na kalibu ni ghali. Ndiyo maana wabunifu wa seti hutoa kifurushi cha msingi cha QWERTY, kisha vifurushi vya nyongeza: kimoja cha kibodi za nusu mbili, kingine cha herufi zilizochongwa kwa safu za Colemak na Dvorak, ambacho wapenzi wa kofia hukiita Colevrak. Mwenye kibodi ya nusu mbili anayetumia Colemak hulazimika kununua vyote vitatu ili apate seti moja iliyokamilika.

Njia ya pili ni kulegeza umbo. Kofia za DSA, zinazotengenezwa na Signature Plastics ya Marekani, zina umbo moja kwa safu zote, kwa hiyo E hukaa popote. Kampuni ya TypeMatrix ilifika mbali zaidi: kibodi yao ya safu wima zilizonyooka ilivishwa ngozi ya silikoni inayovuliwa na kubadilishwa, na maandishi yakawa kwenye ngozi, ama ya QWERTY, ama ya Dvorak, ama ya BÉPO ya Wafaransa, au bila alama yoyote. Katika mapokeo ya Magharibi sijaona mfano unaotenganisha lugha na umbo waziwazi kuliko huo.

Magharibi wamechangia pia fikra ya vidole gumba. Katika miaka ya 1970 huko Uingereza, Lillian Malt, aliyefundisha wapigaji chapa, alishirikiana na mhandisi Stephen Hobday kuunda Maltron, kibodi yenye mabonde mawili na vitufe vya vidole gumba. Malt alithubutu kuiweka E, herufi inayotumika kuliko zote katika Kiingereza, chini ya kidole gumba. Kinesis wa Marekani walifuata nyayo hizo katika miaka ya 1990, na baadaye wakauza kibodi zenye alama pacha, QWERTY na Dvorak juu ya kofia ileile. Kisha ikaja ErgoDox, kibodi ya vitufe 76 ambayo michoro yake ilitolewa wazi kwa yeyote, na ujenzi wa kibodi za nusu mbili ukaingia mikononi mwa watu wa kawaida.

Kuhusu majina ya vitufe vya kazi, Ulaya imegawanyika. Wajerumani huandika Strg na Entf, Wafaransa Suppr, Waitaliano Invio. Kila taifa limejisemea kwa lugha yake, na kiwanda kimelazimika kuchapa seti kwa kila taifa. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 9995-7 kilipendekeza njia nyingine, yaani michoro badala ya maneno: mshale wa kurudi nyuma, mshale wa kupanda, mshale unaogonga ukuta kwa ajili ya Tabo. Ni wazo zuri, ingawa nitaonyesha kwamba kwenye kibodi ya nusu mbili lina mtego.

Japani: alama nyingi, au hakuna kabisa

Kibodi ya kawaida ya Japani, iliyowekewa kiwango cha JIS, hubeba mapokeo mawili ya uandishi kwenye kofia moja. Kuna herufi ya Kilatini na kuna kana, yaani alama za silabi za Kijapani, na kwenye baadhi ya vitufe alama hufika nne. Wajapani wengi wa leo huandika kana kwa kupitia herufi za Kilatini, kwa hiyo sehemu kubwa ya alama hizo haitumiwi na mwenye kibodi. Zimebaki kwa sababu kibodi hutengenezwa kwa ajili ya taifa zima.

Jibu la kina zaidi lilitoka kampuni ya Fujitsu. Mwaka 1980 walitoa mashine ya kuandikia ya OASYS 100, iliyokuwa na mfumo wa Shifti ya vidole gumba. Kila kitufe kilibeba kana mbili, moja juu na moja chini. Kitufe kikibonyezwa peke yake kilitoa ya chini. Kikibonyezwa pamoja na kidole gumba cha upande uleule kilitoa ya juu. Kidole gumba cha upande wa pili kiliifanya sauti kuwa ya ghuna, ka ikawa ga, ta ikawa da. Mahali pa alama juu ya kofia palikuwa maelekezo ya mkono. Mtumiaji hakusoma kana tu, alisoma pia kidole gumba kifanye nini.

Hapa ndipo ninapoiona Japani ikiwa mbele. Kibodi ndogo za nusu mbili za leo huishi kwa matabaka: shikilia kitufe cha kidole gumba, na herufi zinageuka kuwa tarakimu, mishale au alama za hesabu. Corne, iliyobuniwa Japani, ina vitufe 42 tu, safu tatu za sita kwa kila mkono na vitatu vya kidole gumba. Tarakimu hazina safu yake, zinakaa ndani ya tabaka. Fujitsu walikwisha kulitatua tatizo la kuandika tabaka kwenye kofia miongo mingi kabla, na hata baada ya wao kusitisha uuzaji wa kibodi hizo mwaka 2021, kanuni imebaki: nafasi ya alama iwe na maana moja, na maana hiyo ishikwe katika seti nzima. Chuo cha MIT nchini Marekani kilifikia jambo la karibu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kibodi iliyoitwa Space-cadet, ambayo iliandika herufi za Kigiriki kwenye uso wa mbele wa kofia, ule unaomwelekea mtumiaji. Lakini MIT walikuwa wakiwahudumia wataalamu wachache wa maabara, na Fujitsu walimhudumia karani.

Japani hiyohiyo ndiyo iliyokwenda kwenye ncha ya pili. Profesa Eiiti Wada alibuni Happy Hacking Keyboard, iliyotolewa na kampuni ya PFU mwaka 1996 ikiwa na vitufe 60, na baadaye ikauzwa pia bila alama hata moja. Kofia tupu ni uaminifu wa aina yake: kwa kuwa haiahidi kitu, haiwezi kusema uongo mpangilio unapobadilika. Watumiaji wengi wa kibodi za nusu mbili wameifuata njia hiyo, hasa wenye swichi fupi za Choc, ambazo miguu yake haiingiani na kofia za kawaida na ambazo kwa muda mrefu zilipata kofia tupu kwa urahisi kuliko zenye herufi. Kofia tupu, hata hivyo, humfungia mlango anayejifunza, na humfungia pia ndugu anayetaka kuandika sentensi moja tu kwenye meza yako.

Korea: alama inayofuata silabi

Hati ya Kikorea hujenga kila silabi kwa konsonanti ya mwanzo, irabu, na mara nyingine konsonanti ya mwisho. Kong Byung-woo, daktari wa macho, aliitazama hati hiyo akajenga taipureta mwaka 1949 kwa msingi wa sehemu hizo tatu. Konsonanti za mwanzo alizipa mkono wa kulia, konsonanti za mwisho upande wa kushoto kabisa, na irabu akaziweka kati. Mkono wa kulia huanzisha silabi, wa kushoto huikamilisha. Konsonanti moja ilihitaji vitufe viwili, kimoja cha mwanzo na kingine cha mwisho, kwa hiyo alama zikawa nyingi zaidi na darasa la kwanza likawa gumu zaidi.

Serikali ilipochagua kiwango cha kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilichukua mpangilio wa seti mbili: konsonanti zote kushoto, irabu zote kulia. Ni mpangilio rahisi kujifunza, na kofia yake ni safi. Lakini una kasoro moja inayojitokeza pale kibodi inapokatwa katikati. Irabu yu imekaa kwenye kitufe cha B. Kwenye kibodi nzima, Wakorea wengi huibonyeza kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kwa kuwa irabu ni za kulia. Kibodi ya nusu mbili iliyobuniwa kwa ajili ya Kiingereza huiweka B kwenye kipande cha kushoto, na irabu ile inatupwa ng'ambo ya pili ya meza. Dawa ni B mbili, moja kwa kila kipande, na kifurushi kisichobeba B mbili hakimfai Mkorea.

Somo la Korea ndilo zito kuliko yote. Mstari wa kukatia kibodi ni uamuzi wa lugha, ingawa mhandisi huuona kuwa uamuzi wa plastiki na waya tu.

Mahali mapokeo yanapopwaya: kidole gumba

Nikiyapima mapokeo haya matatu kwenye kibodi ya nusu mbili ya leo, yote yanapwaya kwenye kofia za kidole gumba. Kipimo cha msingi ni kitufe kimoja cha mraba, ambacho umbali kutoka katikati yake hadi katikati ya jirani ni milimita 19.05. Seti ya kawaida hutoa kitufe cha nafasi chenye upana wa vipimo 6.25, Shifti za 2.25 na 2.75, na Enta ya 2.25. ErgoDox haivihitaji hivyo. Inahitaji vitufe vya vipimo 2 vinavyosimama wima chini ya vidole gumba, na vingi vya kipimo 1 na 1.5 pembeni. Mtu huchukua kofia ya kufutia yenye upana wa vipimo 2, akaigeuza robo duara. Ikiwa imeandikwa neno, neno linalala ubavu lakini bado lasomeka. Ikiwa imechorwa mshale wa kushoto, mshale sasa unaelekeza juu au chini, na unadanganya. Huo ndio mtego wa michoro niliousema: maneno huvumilia kugeuzwa, mishale haivumilii.

Kuna jambo jingine. Ukingo wa mbele wa kofia nyingi hukwaruza kidole gumba, kwa sababu kidole hicho hubonyeza kwa ubavu. Watumiaji wengi huzigeuza kofia hizo nusu duara ili mteremko uwakabili wao, na maandishi yakawa juu chini. Kwa hiyo kofia ya kidole gumba inadai utaratibu wake: umbo lenye mgongo wa mviringo, na alama ambayo ikigeuzwa nusu duara inabaki ileile, kama nukta, duara au mistari miwili. Rangi hufanya kazi nzuri zaidi. Kitufe cha tabaka kikiwa cha buluu, tarakimu za tabaka hilo zichapwe kwa buluu kwenye uso wa mbele wa kofia za herufi. Hapo Fujitsu na MIT wanakutana, na jicho linapata jibu bila kusoma neno.

Kiswahili kinapopimwa

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza yeye anasimama wapi. Alfabeti yetu ni ya Kilatini, haina alama za pekee, na kibodi ya Kiingereza inaiandika bila shida. Lakini uhusiano wa lugha na mkono si suala la alfabeti tu. Silabi za Kiswahili nyingi ni konsonanti na irabu, na A ni herufi inayotokea kuliko zote. Kwenye QWERTY ya Nairobi na Dar es Salaam, A hubonyezwa na kidole cha mwisho cha kushoto, kidole dhaifu. Kwenye AZERTY inayotumika Kongo na Burundi, kidole hichohicho hulazimika kupanda safu ya juu kuifuata, na kibainishi cha ng' kiko mbali zaidi, kwenye safu ya tarakimu, kitufe cha 4.

Dvorak huweka irabu zote tano kwenye safu ya kati ya mkono wa kushoto. Andika “watoto” na mikono itapokezana bila kukosea: kulia, kushoto, kulia, kushoto, hadi mwisho. Lakini P, Y, K na J nazo ziko kushoto, na kwa hiyo “kupika” huandikwa na mkono mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mkono wa pili ukiwa umekaa. Maneno kama “yake” na “yeye” hupatwa na jambo hilohilo. Kong angeiona kasoro hiyo mara moja, kwa sababu yeye alianza na silabi. Kibodi ya nusu mbili inayopangwa upya kwa ajili ya Kiswahili ingeweza kuweka irabu kwenye kipande kimoja na konsonanti zinazotumika sana kwenye kipande cha pili, na kumpa kidole gumba A kama Malt alivyokipa E.

Mpangilio wa namna hiyo ukitengenezwa, seti ya kawaida ya QWERTY haitaufaa. Ndiyo maana nasema seti inayofaa ni ile yenye sifa tano. Kofia za herufi ziwe za umbo moja ili zihame bila kuvunja safu. Vinundu vya kupapasia, ambavyo kwa kawaida huwekwa kwenye F na J peke yake, vipatikane pia kwenye T, N, U na H, kwa kuwa hizo ndizo zinazokaa chini ya vidole vya shahada katika Colemak na Dvorak. Herufi zinazokaa mpakani, hasa B, ziwe mbili. Kofia za vidole gumba ziwe za mviringo na zenye alama zisizobadilika zikigeuzwa. Vitufe vya kazi viandikwe kwa michoro ya kimataifa kwenye kofia zisizogeuzwa, ili seti moja imfae mwandishi wa Kampala, wa Bujumbura na wa Maskati bila kuchapwa upya.

Kiwandani jambo hili linawezekana hata kwa idadi ndogo. Kofia za plastiki ya PBT huchapwa kwa wino unaopikwa kwa joto mpaka ukapenya ndani ya plastiki. Njia hiyo haihitaji kalibu mpya kwa kila alama, inahitaji tu kwamba rangi ya wino iwe imekolea kuliko ya plastiki. Mbunifu wa Mombasa au Arusha mwenye mchoro safi anaweza kuiagiza seti yake bila kusubiri kampuni kubwa iamue kwamba soko letu linatosha.

Kwa hiyo neno langu kwa mbunifu na kwa mnunuzi ni moja. Usianze na rangi wala na jina la seti. Chukua ukurasa mmoja wa Kiswahili unachokiandika kila siku, uhesabu herufi zake, utazame ni mkono upi unaofanya kazi na upi umekaa, kisha upange vitufe. Kofia zifuate baadaye. Anayechagua kofia kabla ya mpangilio hununua mara mbili.